Pale Ukuta Mpya Unapokutana na Dari ya Zamani

Ndugu mafundi, ndugu wakandarasi, na ninyi mliokuja kwa sababu mnakarabati nyumba zenu wenyewe, nawasalimu nyote kwa heshima, na nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja, nami nitabaki nalo hadi mwisho: mstari ule mwembamba ambapo ukuta mpya wa bodi za jipsamu unagusa dari ya zamani yenye vinundu au michoro, katika nyumba za Marekani ambamo wengi wetu tunapata riziki. Kazi hii hutufikia mara kwa mara. Familia imeongezeka na sebule kubwa inagawanywa ili watoto wapate chumba. Mama mkwe amefika kutoka Bukavu au Mwanza na anahitaji faragha yake. Chumba cha chini kilichokuwa stoo kinageuzwa ofisi. Ukuta wenyewe hausumbui sana, kwa kuwa fremu, bodi na skrubu ni mambo ambayo fundi mwangalifu huyazoea upesi. Kinachomrudisha fundi kwa mteja bila malipo ni ule mstari wa juu: ufa uliofunguka wakati wa baridi, tepu iliyobanduka, puti iliyovimba, au ukanda wa dari uliobaki mtupu katikati ya vinundu vyake.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba mstari huo hauamuliwi siku ya kupaka puti. Unaamuliwa kabla ya ubao wa kwanza kupigwa skrubu darini. Fundi asiyeamua mapema hujikuta akifuata njia iliyobaki, na njia iliyobaki aghalabu ndiyo mbaya kuliko zote.

Wengi wetu tulijifunzia kazi Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi, ambako ukuta wa tofali husimama kwanza, hupigwa lipu, kisha dari hufuata, na konisi, ule ukanda wa pambo unaopigwa pale ukuta unapokutana na dari, hufunika ukingo wote. Kwa utaratibu huo kasoro ya ukingo hufichika bila mtu kuuliza. Hapa mambo yamegeuka: dari imekaa miaka 40 au 50, imepakwa rangi mara kadhaa, imepigwa na moshi wa jikoni, imebonyea kidogo kati ya boriti na boriti, na ukuta ndio unaokuja kujipachika chini yake. Dari haitabadilika kuufuata ukuta, kwa hiyo ukuta ndio unaopaswa kuifuata dari.

Dari hizi ni za namna nyingi. Iliyoenea zaidi ni dari ya bisi, ile iliyonyunyiziwa kwa mashine rojo zito lenye chembe nyepesi, ambayo ilipendwa sana kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980 kwa sababu ilipunguza mwangwi kidogo na kwa sababu, nasema wazi, iliwawezesha wajenzi kuficha maungio ya bodi ambayo hawakuyamalizia vizuri. Ipo ya mabaka bapa, ambapo rojo lilinyunyiziwa kisha likapitishiwa kisu kipana kabla ya kukauka. Ipo ya ganda la chungwa, yenye vipele vidogo vya duara. Na ipo ile iliyogongwagongwa kwa brashi nene, ambayo mtaikuta sana Michigan na majimbo jirani. Kila moja ina tabia zake, lakini kabla hatujafika kwenye tabia hizo, lipo jambo ambalo ni lazima litangulie.

Jambo hilo ni asbestosi, madini ya nyuzi nyuzi yaliyochanganywa katika vifaa vingi vya ujenzi vya zamani. Shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, EPA, lilipiga marufuku mwaka 1973 unyunyiziaji wa vifaa vyenye asbestosi kwa ajili ya kuzuia moto na joto, na mwaka 1978 marufuku hiyo ikapanuliwa hadi kwenye mapambo ya namna hii. Mwaka 1977 tume inayosimamia usalama wa bidhaa za watumiaji nayo ilikataza puti za kuzibia zenye asbestosi. Hata hivyo shehena iliyokuwa tayari ghalani iliendelea kutumika, kwa hiyo nyumba ya miaka ya mwanzo ya 1980 haiwezi kuhesabiwa salama kwa tarehe yake peke yake. Nyuzi za asbestosi hazionekani kwa macho wala hazina harufu. Zikivutwa hukaa mapafuni, na maradhi yake, saratani ikiwemo, hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati fundi ameshasahau kabisa ni dari ipi aliyoikwangua. Isitoshe, vumbi hilo hubebwa na nguo za kazi hadi nyumbani, likawafikia watoto wanaomkimbilia baba au mama mlangoni.

Hapa naomba usikivu wenu zaidi ya mahali pengine popote. Mafundi wengi huamini kwamba kipimo cha maabara kinahitajika tu iwapo dari itakwanguliwa. Si kweli. Ubao wa juu wa fremu ya ukuta mpya huvisaga vinundu vya dari unapokazwa, na kila skrubu hutoboa na kumwaga vumbi. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa kabla ya ukuta kusimama, na ni vema ichukuliwe na mkaguzi mwenye leseni. Maabara ikionyesha kwamba asbestosi imezidi asilimia 1, ambacho ndicho kiwango kinachotumiwa na sheria za EPA, kazi ya kuigusa dari hiyo inatoka mikononi mwetu na kwenda kwa wenye mafunzo na leseni ya kazi hiyo. Gharama ya kipimo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya kusafisha nyumba nzima iliyochafuliwa.

Nasema hivi nikijua kwamba baadhi yenu mnafanya kazi chini ya watu wanaowaambia mkwangue tu na kwamba maswali yanachelewesha kazi. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inamlinda kila mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji, na kila mmoja wenu anayo haki ya kuuliza dari imepimwa au la, na haki ya kupeleka malalamiko OSHA, shirika la serikali linalosimamia usalama kazini, akipuuzwa. Tafadhali itumieni haki hiyo.

Kuhusu rangi yenye risasi nitapita haraka zaidi, kwa sababu kanuni yake inafahamika vizuri zaidi. Rangi hiyo ilipigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na tangu Aprili 2010 kampuni inayolipwa kuvuruga rangi katika nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima iwe na cheti. Kazi ndogo zimeachwa nje ya kanuni iwapo hazizidi futi za mraba 6 katika chumba kimoja. Lakini pigeni hesabu: ukuta mpya wa futi 12, ukikwanguliwa dari inchi 4 kwa kila upande, unavuruga futi za mraba 8. Kazi inayoonekana ndogo imeshavuka mpaka.

Dari ikithibitika kuwa salama, swali linalofuata ni nini kilicho juu yake, kwa sababu hapo ndipo ilipo siri ya nyufa nyingi. Kama juu ya dari kuna sakafu ya ghorofa nyingine, mwendo wake si mkubwa. Kama juu yake kuna kenchi za paa, mambo ni tofauti kabisa katika majimbo yenye baridi kali. Wakati wa baridi boriti ya chini ya kenchi imelala ndani ya pamba nzito ya kuzuia baridi, ikiwa na joto na ikiwa kavu, kwa hiyo hupungua urefu kidogo. Mbao za juu za kenchi ile ile ziko kwenye hewa baridi na yenye unyevu, kwa hiyo hurefuka kidogo. Matokeo yake kenchi nzima hujikunja kuelekea juu na kuinyanyua dari katikati ya nyumba, na kufikia kiangazi hurudi mahali pake. Mwanya unaofunguka juu ya ukuta wa ndani unaweza kuzidi nusu inchi. Hakuna puti wala tepu duniani inayoweza kuuzuia mwendo huo, na fundi anayejaribu kuushinda kwa puti ngumu zaidi atarudi kila mwaka.

Dawa yake ni kuuacha mwendo uendelee bila kuonekana. Ukuta mpya usiobeba mzigo usipigwe misumari moja kwa moja kwenye boriti ya chini ya kenchi. Utumie vishikizo vya chuma vyenye tundu refu, ambavyo huuzuia ukuta usiyumbe kushoto na kulia huku vikiiruhusu dari kupanda na kushuka. Kisha mwanya ufunikwe kwa konisi iliyopigwa misumari darini tu, isiguse nguzo za ukuta hata kidogo, ili dari ikipanda ipande na konisi yake na konisi iteleze juu ya uso wa ukuta. Ukuta upakwe rangi hadi juu kabla ya konisi kufungwa, la sivyo wakati wa baridi utatokea mstari mweupe usiopakwa rangi na mteja atakupigia simu. Katika dari yenye vinundu konisi haikai vizuri juu ya matuta, kwa hiyo ukanda unaolingana na upana wa konisi hukwanguliwa kwanza, na ukanda huo utafunikwa, jambo linalokuondolea kabisa kazi ya kurudishia vinundu.

Nikubali kwamba wateja wengi hawapendi konisi katika chumba cha kisasa. Kwa hao, na pale ambapo dari haina mwendo mkubwa, njia ninayoipendekeza mbele ya zote ni kuuacha uso wa dari kama ulivyo na kuumalizia ukuta wenyewe kwa ukingo safi. Kifaa chake ni kipande cha kona cha plastiki chenye umbo la herufi L, ambacho kina utepe mwembamba wa kuchanwa. Bodi hukatwa fupi kidogo ili ukingo wake wa juu usibane dari, kipande hicho huvishwa ukingoni kwa gundi ya kunyunyizia au pini za stepla, na utepe wake huikinga dari wakati wote wa kupaka puti, kupiga msasa na kupaka rangi. Mwisho kabisa utepe huchanwa, na kinachobaki ni mstari ulionyooka, wenye mwanya wa milimita 2 au 3, ambao unaweza kuachwa kama kivuli chembamba au kujazwa gundi laini ya akriliki inayopokea rangi. Silikoni ya kawaida isitumike, kwa kuwa rangi haishiki juu yake.

Njia hii ina ugumu mmoja nao ni lazima usemwe. Dari ya zamani haijanyooka. Ukingo ulionyooka chini ya dari iliyobonyea huonyesha mwanya mpana hapa na mwembamba pale, na jicho huuona mara moja. Kwa hiyo, kabla ya kukata, pandisha bodi hadi iguse dari, chukua kipande kidogo cha ubao wenye unene ulio sawa, kiburute chini ya dari huku penseli ikifuata juu ya bodi, kisha kata kwa kuufuata mstari huo. Plastiki hupinda kiasi cha kutosha kuufuata mkondo. Kazi hii huongeza muda wa nusu saa kwa ukuta mmoja, na kwa maoni yangu ndiyo nusu saa yenye thamani kuliko zote katika kazi nzima.

Njia ya tatu ni ile ya asili: kukwangua ukanda wa dari, kupaka puti na tepu kwenye kona, kisha kurudishia vinundu. Inafaa pale mteja anapotaka ukuta uonekane kana kwamba ulikuwepo tangu nyumba ilipojengwa, na pale ambapo ukuta umefungwa imara kwenye boriti zisizocheza. Ukanda wa inchi 3 au 4 kila upande unatosha. Bisi ambayo haijapakwa rangi hunyunyiziwa maji ya kiasi, huachwa dakika 10 au 15, kisha hutoka kwa urahisi kwa kisu kilichoondolewa ncha kali za pembeni ili kisichane karatasi ya bodi. Iliyopakwa rangi hainywi maji na hukwanguliwa kikavu kwa subira. Ukanda uliokwanguliwa haupokei puti papo hapo, kwa sababu unga uliobaki hufanya tepu ibanduke. Ufutwe, upakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, ukauke.

Mwanya unaozidi milimita 3 hujazwa kwanza kwa puti ya unga, ile inayoganda kwa kukutana na maji, kwa kuwa puti ya ndoo, ile inayouzwa ikiwa imeshachanganywa, hupungua inapokauka. Tepu iwe ya karatasi, iliyokunjwa katikati. Tepu ya wavu haikunjiki vizuri kwenye kona na huhitaji puti ya unga ili ishike. Puti ya chini ya tepu iwe nyembamba lakini isikose popote, maana pale ilipokosekana ndipo patakapotokea malengelenge. Tabaka la pili lipakwe upande mmoja wa kona na kuachwa likauke kabla ya upande wa pili kuguswa, la sivyo kisu cha upande huu kitachimba kazi ya upande ule. Upande wa dari, puti isambazwe ikififia hadi kwenye mzizi wa vinundu vya zamani bila kuvilowesha, kwa kuwa bisi isiyo na rangi ikilowa hudondoka yenyewe na ukanda wako hupanuka kila unapojaribu kuurekebisha. Kwa sababu hiyo hiyo utepe wa kuzuia rangi usibandikwe kamwe juu ya dari ya bisi. Wakati wa kupiga msasa vaa barakoa inayokubana vizuri usoni, kwa kuwa puti nyingi zina silika, na vumbi la silika nalo ni adui wa mapafu.

Kurudishia vinundu ndiko kunakowashinda wengi, na sababu kubwa ni haraka. Makopo ya kunyunyizia bisi au ganda la chungwa yanapatikana katika maduka ya vifaa, lakini mkono wa kila mtu hutoa matokeo tofauti, na umbali wa inchi chache hubadilisha ukubwa wa chembe. Jaribu kwanza kwenye boksi, liinue usawa wa dari, liangalie kwa mwanga wa dirisha unaopita kwa upande, kisha urekebishe. Dari ya mabaka bapa husubiri hadi mng'ao wa maji uondoke, kwa kawaida dakika 10 au 15, ndipo kisu kipana kipitishwe kwa wepesi. Ni afadhali kunyunyizia kidogo mara mbili kuliko kingi mara moja, kwa kuwa kinachokosekana huongezwa lakini kilichozidi hukwanguliwa tena hadi chini. Kabla ya yote haya praima iwe imeshapakwa, kwa sababu puti mpya hunywa maji ya rojo kwa kasi tofauti na dari ya zamani na mpaka wake utaonekana hata chini ya rangi.

Rangi ya dari ya zamani imekuwa ya manjano, hata kama mwenye nyumba anaiona nyeupe. Hakuna kopo la rangi litakaloilingana. Mwambie mteja tangu siku ya makisio kwamba dari nzima ya chumba itapakwa, na uiandike bei hiyo. Bahati nzuri ni kwamba ukuta mpya umeshakigawa chumba, kwa hiyo dari ya kila upande ina mpaka wake na inaweza kupakwa peke yake. Dari ya bisi ipakwe kwa rola yenye manyoya marefu, pito moja kuelekea upande mmoja, bila kurudi nyuma wakati rangi ikiwa mbichi.

Neno moja kuhusu moto: kuta zinazotenganisha nyumba na gereji, au fleti na fleti, zina masharti yake, na maungio yao hayamaliziwi kwa gundi ya kawaida wala kwa mwanya wa kivuli. Kwa kuta hizo tafuta kibali na ufuate anachotaka mkaguzi wa mji. Vilevile chumba kipya cha kulala kinahitaji dirisha la kutokea wakati wa dharura, na ukuta uliokata chumba bila kufikiria dirisha hilo haufai kujengwa hata kama mstari wake wa juu umenyooka namna gani.

Unapomkabidhi mteja kazi, mwachie kopo la vinundu lililobaki na rangi iliyobaki, na umweleze ni njia ipi uliyotumia na kwa nini. Kama nyumba ina kenchi, mwambie kwamba majira ya baridi ya kwanza yanaweza kuufungua mstari kidogo, na umwombe asiuzibe wakati huo, kwa sababu mwanya unaojazwa ukiwa mpana hukosa pa kwenda dari inaposhuka, na gundi husukumwa nje ikavimba kando ya ukuta wote. Akuite mwishoni mwa kiangazi, dari ikiwa imerudi mahali pake, uutazame kwa macho yako mwenyewe.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Niko tayari kupokea maswali, na ningependa tuanze na wale ambao wiki hii wana kazi katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1978.